IUI: vifaa, mkono na muda. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwekewa mbegu kwenye mfuko wa uzazi

Haya ni maswali ambayo wenzi huyarudia kabla ya IUI, wakiwa kitandani, na zaidi siku zile za kusubiri matokeo. Mengi yanahusu vifaa: mrija gani, nani aushike, nilale vipi. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Hayachukui nafasi ya daktari anayekuona, ila yatakusaidia kujua umuulize nini.

## Mambo ya msingi

1. IUI ni nini hasa, na inatofautianaje na IVF?

Katika IUI, mbegu za mume husafishwa maabara, kisha hupitishwa kwa mrija mwembamba kwenye mlango wa kizazi hadi ndani ya mfuko wa uzazi, siku ambayo yai linatoka au linakaribia kutoka. Yai lenyewe haliguswi. Likikutana na mbegu, hukutana kwenye mrija wa uzazi, kama ilivyo kwa mimba yoyote.

IVF ni kazi nyingine kabisa: mayai hunyonywa kwa sindano kutoka kwenye ovari, hurutubishwa maabara, na kinachorudishwa mwilini ni kiinitete. Ndiyo maana bei zake hazifanani hata kidogo. Ukiambiwa "tutakupandikiza", uliza hapo hapo kitakachopandikizwa ni mbegu au ni mimba.

2. Inamfaa nani?

Wenzi ambao vipimo vyote vimetoka vizuri na mimba bado haiji. Mwanamke ambaye mayai hayapevuki bila dawa. Mume ambaye mbegu zake zimepungua kidogo. Wenzi ambao tendo lenyewe ni gumu: uke unaobana kwa maumivu, uume usiosimama sawasawa, jeraha la uti wa mgongo. Kundi hili la mwisho husahaulika, ingawa ndilo ambalo IUI huondoa kikwazo chenyewe moja kwa moja.

Haiwafai ambao mirija yote miwili ya uzazi imeziba, wala wenzi ambao mbegu baada ya kusafishwa ni chache mno (namba 12).

3. Uwezekano wa kupata mimba ni kiasi gani?

Kwa mzunguko mmoja wenye dawa za kupevusha mayai, kliniki nyingi hutaja kati ya asilimia 10 na 15. Umri huisogeza namba hiyo kuliko kifaa chochote: mwenye miaka 28 huwa juu yake, mwenye miaka 41 huwa chini sana.

Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa New Zealand uliohusisha wenzi 201 ambao sababu ya kukosa mtoto haikujulikana. Nusu walipewa hadi mizunguko mitatu ya IUI pamoja na dawa za vidonge, nusu wakaambiwa waendelee kujaribu wenyewe. Waliojifungua ni asilimia 31 upande wa IUI na asilimia 9 upande wa pili. Kwa hiyo tiba inasaidia. Lakini soma namba hiyo kwa upande wake wa pili pia: hata baada ya nafasi tatu, karibu saba kati ya kumi hawakupata mtoto, na hao hawakukosea kulala wala kula.

4. Nimefika kwa ajili ya IUI, wananirudisha nikapige picha ya mirija. Ni biashara?

Hapana. Kama kuna kipimo kimoja ambacho hakifai kurukwa huku kwetu, ni hicho cha HSG. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliolinganisha mabara ulikuta kuziba kwa mirija ni kwingi zaidi Afrika kusini mwa Sahara kuliko kwingineko. Sababu zinajulikana: klamidia na kisonono visivyotibiwa mapema, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, utoaji mimba usio salama, na kifua kikuu kinachoingia kwenye kizazi. (UTI ya kibofu peke yake, ambayo hulaumiwa kwa kila kitu, haizibi mirija.)

Mbegu ikiwekwa kwa ustadi wote kwenye kizazi ambacho mirija yake imefungwa, haina pa kwenda. Kliniki inayokubali kukufanyia IUI bila kuuliza habari ya mirija, ondoka.

## Vifaa na mkono wa anayevitumia

5. Mrija laini ni bora kuliko mgumu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa sababu mitandaoni kila kliniki inasifu mrija wake. Mrija, au katheta, kwa kawaida ni wa plastiki, umeunganishwa na bomba la sindano la mililita 1. Ule laini hujikunja kufuata njia ya mlango wa kizazi. Ule mgumu husukumika hata pale penye kona, lakini unaweza kukwaruza ukuta wa ndani.

Hoja ya kupendelea mrija laini inaeleweka: ukuta ukikwaruzwa hutoa damu, na kizazi kikichokozwa hujikaza. Ila tafiti zilizowagawa wanawake kwa kura kati ya mirija hiyo miwili zilipojumlishwa, tofauti ya mimba haikuonekana. Kinachofanywa na madaktari wengi ni hiki: anza na laini, ukigoma tumia wenye ala ya nje iliyo ngumu kidogo, na ule mgumu uwe wa mwisho.

Kwa hiyo usilipie zaidi kwa ajili ya jina la katheta. Fedha hiyo ina kazi bora kwenye altrasaundi ya kufuatilia yai.

6. Kama mrija hauna tofauti, kwa nini wanasema mkono wa daktari una tofauti?

Kwa sababu mrija uleule unaweza kupita kama haupo, au kugeuka nusu saa ya mateso. Mkono mzuri hutambulika kwa mambo madogo. Anaangalia kwanza kizazi chako kimeelekea wapi. Spekula, kile kifaa cha kufungulia uke, hakilowanishi kwa jeli bali kwa maji safi au maji ya chumvi ya hospitali, kwa sababu jeli nyingi hudhuru mbegu. Anapangusa ute uliozidi kwa pamba. Anasukuma mrija hadi upite mlango wa ndani, kisha anasimama: hatakiwi kugonga dari la kizazi, kwani hapo ndipo mikazo huanzia. Halafu anaminya bomba polepole na kuutoa mrija polepole.

Na mkono mzuri hauna haraka ya kuchukua koleo. Kuna koleo lenye meno ambalo hubana mlango wa kizazi ili kuunyoosha. Linauma, linatoa damu, na linakifanya kizazi kijikaze. Wakati mwingine halikwepeki, lakini likiwa kawaida ya kila mgonjwa, uliza kwa nini.

Anayefanya si lazima awe bingwa. Katika nchi nyingi manesi waliofunzwa ndio huifanya kazi hii kila siku.

7. Itauma?

Wengi husema ni kama kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na mvuto kidogo tumboni mbegu zinapoingia. Maumivu makali si sehemu ya IUI. Ukiyapata, sema, wasimame.

8. Kwa nini naambiwa nije na kibofu kimejaa? Na mimi kizazi changu kimelala nyuma.

Kwa wanawake wengi kizazi kimeinamia mbele, juu ya kibofu. Kibofu kikijaa hukisukuma kinyooke, na kona ya kwenye mlango hupungua, mrija hupita bila kulazimishwa. Kunywa maji, lakini usifike hatua ya kushindwa kukaa; mtu anayetetemeka kwa mkojo hukaza misuli yote.

Mwanamke mmoja kati ya watano hivi ana kizazi kilicholala nyuma. Huo si ugonjwa, na hauhitaji kukandwa wala "kurudishwa mahali pake". Kwake kibofu kilichojaa hakisaidii, kinaweza hata kuongeza kona. Ndiyo maana inafaa hali hiyo iandikwe kwenye faili tangu altrasaundi ya kwanza.

9. Safari iliyopita walishindwa kupitisha mrija. Nifanyeje?

Omba wafanye majaribio ya mrija mtupu, bila mbegu, mwanzoni mwa mzunguko. Hapo watajua kona iko wapi na kizazi kina urefu gani, na siku ya siku hakuna kubahatisha mbegu zikiwa zinasubiri kwenye bomba. Kama mlango umebana sana, labda kwa kovu la upasuaji au la kusafishwa kizazi zamani, unaweza kupanuliwa kabla, katika mzunguko mwingine. Kovu la ndani ya kizazi lenyewe ni suala kubwa zaidi na linahitaji kuangaliwa kwa kamera.

10. Kliniki nyingine hutumia altrasaundi wakati wa kuweka mbegu. Niidai?

Inasaidia pale njia ilipo ngumu. Kwa ambaye mrija unapita wenyewe, haijaonekana kuongeza mimba kwa namna ya kuaminika.

11. Nilisikia kuna namna ya kuweka maji mengi ili mbegu zifike hadi kwenye mirija. Ni bora?

Ipo. IUI ya kawaida hutumia karibu mililita 0.2 hadi 0.5. Namna hiyo nyingine hutumia mililita 4 hivi, na mlango wa kizazi hubanwa ili maji yasirudi. Ilivuma miaka ya 1990. Tafiti zilipokusanywa, faida yake haikuthibitika, na vifaa vyake ni ghali na vinasumbua zaidi.

## Mbegu kabla hazijafika kwenye mrija

12. Kusafisha mbegu maana yake nini, na kuna ulazima?

Ulazima upo, na hauna mjadala. Shahawa ina majimaji yenye prostaglandini, kemikali zinazokaza misuli ya kizazi, pamoja na seli zilizokufa na vijidudu. Katika tendo la kawaida vyote hivyo hubaki ukeni, ute wa mlango wa kizazi huruhusu mbegu zipite peke yake. Mrija unaruka kizuizi hicho. Shahawa ghafi ikiingizwa ndani ya mfuko wa uzazi huleta maumivu makali, na huweza kuleta maambukizi.

Maabara hutumia moja ya njia mbili. Ya kwanza, shahawa huwekwa juu ya kimiminika chenye tabaka mbili za uzito tofauti na kuzungushwa kwenye mashine. Mbegu nzuri hushuka chini, uchafu hubaki juu. Ya pili, mbegu huachwa ziogelee zenyewe kupanda kwenye kimiminika safi, na zinazofika juu ndizo huchukuliwa. Hakuna iliyothibitika kushinda nyingine kwa mimba. Kazi huchukua saa moja hadi mbili.

Namba ya kuuliza ni hii: baada ya kusafisha, mbegu zinazotembea ni ngapi kwa jumla? Zikiwa chini ya milioni 1, madaktari wengi huona IUI haina maana na hushauri IVF. Zikipita milioni 5, hali ni nzuri zaidi. Namba hii ina uzito kuliko swali zima la katheta, na cha kushangaza ni wachache wanaoiuliza.

13. Mume wangu hawezi kutoa pale kliniki. Anaweza kutoa nyumbani?

Anaweza, kama kikombe kitafika ndani ya nusu saa ikiwezekana, na isizidi saa moja. Anayetoka Kibaha kwenda mjini, au Kitengela kwenda katikati ya Nairobi, asubuhi ya Jumatatu, ajiulize kwa ukweli kuhusu foleni. Kibebwe mfukoni au chini ya nguo, karibu na mwili. Kisiwekwe kwenye barafu wala friji, wala juu ya dashibodi kwenye jua.

Kikombe kitoke kliniki. Kopo la asali lililooshwa nyumbani lina mabaki ya sabuni, na sabuni huua mbegu. Kwa wasiotaka kutumia mkono kwa sababu ya imani, kliniki nyingine zina kondomu maalumu ya kukusanyia wakati wa tendo. Kondomu ya dukani haifai, kwani mpira wake na mafuta yake hudhuru mbegu.

14. Mate au mafuta kidogo wakati wa kutoa, kuna ubaya?

Upo. Mate hupunguza mwendo wa mbegu, na vilainishi vingi vya dukani pia. Atoe bila chochote, na akiwa mkavu mno aombe kilainishi ambacho kliniki inakijua.

15. Ajizuie siku ngapi?

Mbili au tatu zinatosha. Wapo wanaoweka akiba wiki mbili wakidhani watazikusanya. Wanakusanya nyingi zilizozeeka.

16. Kwa kuwa wanachuja, wanaweza kutuwekea za mtoto wa kiume tu?

Hapana. Kusafisha hutenganisha zinazotembea na zisizotembea. Hakutenganishi za mvulana na za msichana kwa kutegemewa. Anayekuuzia hilo kwenye IUI anakuuzia bahati ya nusu kwa nusu ambayo tayari unayo bure.

## Muda

17. Siku sahihi hujulikanaje?

Yai likitoka huishi saa 24 au pungufu. Mbegu kwenye ute mzuri wa kizazi huweza kuishi hadi siku tano, lakini zilizosafishwa na kuwekwa moja kwa moja juu hazina hifadhi hiyo, zinadumu muda mfupi zaidi. Kwa hiyo IUI ina dirisha jembamba kuliko tendo la kawaida, na kulikosa ni rahisi.

Njia ni mbili. Unaweza kupima mkojo kila siku kwa vijiti vya LH, homoni inayopanda yai likikaribia kutoka. Mstari ukikolea, mbegu huwekwa kesho yake. Au unafuatiliwa kwa altrasaundi hadi kijifuko cha yai kifike milimita 18 hadi 20, unachomwa sindano ya hCG ya kuliachilia yai, na mbegu huwekwa saa 24 hadi 40 baadaye. Wengi hulenga saa 36. Sindano hiyo huchomwa saa iliyopangwa. Ukiambiwa saa nne usiku, ni saa nne usiku, hata kama kuna msiba au harusi.

Historia inalo funzo lake hapa. Miaka ya 1860 daktari wa Marekani J. Marion Sims aliwawekea wanawake mbegu mara 55. Alipata mimba moja, nayo ikaharibika. Mkono wake ulikuwa wa mpasuaji mahiri, lakini aliamini yai hutoka karibu na hedhi. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1920, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria walipoonyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba yai hutoka wiki mbili hivi kabla ya hedhi inayofuata.

18. Mzunguko wangu una siku 35. "Siku ya 14" ni yangu?

Kwa hesabu hiyo ya wiki mbili kabla ya hedhi, yai lako hutoka karibu na siku ya 21. Kliniki inayomwita kila mwanamke siku ya 14 bila kuangalia chochote inafanya kazi kwa kalenda ya mtu mwingine.

19. Kuwekewa mara mbili katika mwezi mmoja, leo na kesho, kunaongeza nafasi?

Kwa wenzi wengi hakuna faida ya wazi, na gharama ya maabara inakuwa mara mbili. Muda ukikaguliwa vizuri, mara moja inatosha.

20. Nikinunua Clomid, vidonge vya kupevusha mayai, duka la dawa nikaja nimeshaimeza, nitaokoa pesa?

Utaokoa kidogo na kuhatarisha vingi. Dawa hizi hupevusha yai zaidi ya moja, na idadi lazima ihesabiwe kwa altrasaundi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, kati ya mimba zilizopatikana kwa IUI na sindano za kupevusha mayai, karibu theluthi moja zilikuwa za mapacha au zaidi. Kwa Clomid zilikuwa chini ya moja kwa kumi. Vijifuko vilivyokomaa vikizidi vitatu, daktari mwangalifu huahirisha mzunguko. Mapacha watatu ni furaha kwenye picha. Leba ya wiki ya 30 katika hospitali isiyo na vitanda vya watoto njiti vya kutosha ni habari nyingine.

## Baada ya kuwekewa

21. Nilale muda gani? Niinue miguu ukutani?

Miguu ukutani haina kazi: mbegu ziko ndani ya kizazi tayari. Kulala kwenyewe kuna mabishano ya kweli. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2009 uliona waliolala dakika 15 walipata mimba zaidi kuliko walioinuka mara moja, asilimia 27 kwa 18 katika mizunguko mitatu. Waholanzi wenzao wakarudia jaribio kwa wenzi wengi zaidi, wakachapisha mwaka 2017: safari hii waliolala hawakuwa na faida yoyote.

Dakika kumi za kujinyoosha hazigharimu kitu, nami nisingemnyima mtu. Lakini usimruhusu yeyote, hata mama mkwe, akwambie mimba haikushika kwa sababu uliinuka upesi.

22. Niliposimama maji yalitoka. Mbegu zimemwagika?

Kinachotoka ni maji ya kulowanishia spekula, ute, na pengine sehemu ndogo ya kimiminika kilichobeba mbegu. Si sababu ya kurudia.

23. Tendo la ndoa, bodaboda, kazi za shamba, kufunga?

Tendo usiku huo au kesho yake linaruhusiwa, na linaweza kuongeza nafasi. Bodaboda haichomoi kitu. Kazi za kawaida endelea nazo. Kufunga hakuzuii mbegu kulifikia yai, ila kama unameza dawa kwa saa maalumu, panga na daktari saa za daku na futari kabla mzunguko haujaanza.

24. Damu kidogo na tumbo kuvuta, nihofie?

Matone ya damu siku hiyo na kuvuta kidogo ni kawaida. Homa, maumivu yanayozidi, au uchafu wenye harufu siku chache baadaye si kawaida: nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kipimo. Tumbo kujaa haraka na kukosa pumzi baada ya sindano za kupevusha mayai pia ni dharura.

25. Nipime mimba lini?

Siku ya 14 baada ya kuwekewa. Ukipima mapema baada ya sindano ya hCG, kijiti kitasoma ile sindano, kwani hCG ndiyo homoni kinayoitafuta, utaona mistari miwili isiyo yako.

## Hali za pekee

26. Tunaweza kufanya wenyewe nyumbani kwa bomba la sindano?

Kuweka shahawa ukeni kwa bomba safi lisilo na sindano, siku za rutuba, kunawezekana, na kunawasaidia ambao tatizo lao ni tendo lenyewe. Hakufikii matokeo ya IUI kwa wenye mbegu chache. Tumia bomba jipya kutoka kwenye pakiti, la mililita 5 au 10, na ujue kwamba mpira wa kisukumio na mafuta yake vinaweza kudhuru mbegu zikikaa humo. Usizihifadhi ndani, weka mara moja.

Mpaka wa nyumbani ni uke. Kupitisha mrija wowote kwenye mlango wa kizazi, kusukuma hewa, au kuingiza shahawa isiyosafishwa ndani ya kizazi ni hatari. Kuhusu shahawa ghafi, sababu ziko namba 12.

27. Mmoja wetu ana VVU. IUI inahitajika?

Mara nyingi haihitajiki tena. Anayetumia ARV vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo kwa muda wa miezi sita haambukizi kwa tendo la ndoa, hivyo wenzi huweza kutafuta mimba kawaida, siku za rutuba, kwa kushirikiana na kliniki yao ya tiba na matunzo. Kama mwenye VVU ni mke na bado virusi havijashuka, njia ya bomba ya namba 26 humlinda mume.

Kama ni mume na virusi bado vipo, kuna kusafisha mbegu kwa ajili ya virusi. Augusto Semprini na wenzake wa Milan, Italia, walichapisha matokeo ya njia hiyo mwaka 1992, zama ambazo ARV za leo hazikuwepo. Inahitaji maabara inayopima mbegu tena baada ya kuzisafisha. Kusafisha kwa kawaida peke yake kusihesabiwe kuwa kinga.

28. Mume wangu anafanya kazi Muscat, huja mwezi mmoja kwa mwaka. Agandishe mbegu?

Ni mpango mzuri kuliko kukimbizana na tiketi. Akija, atoe zaidi ya mara moja, zigandishwe kwenye naitrojeni ya kimiminika, na sampuli moja iyeyushwe kama jaribio ili ijulikane ngapi zinaamka. Nyingi hufa wakati wa kugandishwa, na zilizobaki huishi muda mfupi, kwa hiyo hapa muda (namba 17) hauna msamaha na sindano ya hCG ni bora kuliko kubahatisha kwa vijiti. Idhini yake iandikwe na kusainiwa kabla hajapanda ndege. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi wa Kisunni huruhusu mbegu za mume ndoa ikiwa hai, na hukataa zitumike baada ya talaka au kifo. Kliniki ielezwe hivyo mapema.

29. Daktari anasema mbegu za mume wangu zinarudi nyuma kwenye kibofu.

Hutokea kwa wenye kisukari cha muda mrefu na baadhi ya waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume. Mkojo hupunguzwa ukali kwa bikaboneti ya sodiamu kabla, mume hukojoa mara baada ya kufika kileleni, na maabara huzitoa mbegu humo haraka. Zikitosha, IUI inaendelea kama kawaida.

30. Nimefanya mara ngapi ndiyo niache?

Mimba nyingi za IUI hupatikana ndani ya mizunguko mitatu au minne ya mwanzo. Baada ya hapo, au mapema zaidi kama umevuka miaka 38, kaa na daktari mzungumzie IVF badala ya kubadilisha mrija.

31. Nahamia kliniki nyingine. Nichukue karatasi gani?

Filamu za HSG zenyewe, siyo ripoti tu. Kwa kila mzunguko: dawa na kipimo chake, ukubwa na idadi ya vijifuko, unene wa ukuta wa kizazi, saa ya sindano na saa ya kuwekewa, mbegu zinazotembea kabla na baada ya kusafishwa. Kisha mstari mmoja ambao wengi husahau kuuomba: kizazi kimeelekea wapi, mrija gani ulitumika, ulipita kwa urahisi au kwa koleo, na ulitoka na damu au bila damu. Ni haki yako kupewa nakala. Ukiambiwa hazikuandikwa, daktari mpya aanze na majaribio ya namba 9.